Mwako Mmoja kwa Watu Wawili

Shangazi alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na hakuna daktari aliyeuweza. Kila alipoketi mbele ya skrini, zimwi lake lilikuwa linawaka kabla mpinzani hajamaliza kusalimia. Watu wa mtaa wao walishamjua. Ukicheza naye, ukisikia "Twende kazi!" basi jua moto umeshafika.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mazimwi. Kila mchezaji anaingia na mazimwi mawili, moja linapigana na jingine linasubiri nyuma. Kila zamu unachagua: upige, ukinge, au uwashe. Kuwasha ndiko kulikowatoa watu jasho. Zimwi likiwaka linabadilika mwili mzima. Kijoka kinakuwa joka la kuziba skrini, nyati anaota pembe za chuma, na nguvu zinapanda mpaka mwenye kidude cha kuchezea anahisi mikono inatetemeka. Lakini mwako unadumu zamu tatu tu. Zikiisha, zimwi linakuwa majivu: linakaa zamu nzima limelala hapo hapo, halipigi wala halikingi, na hata kipanya kinaweza kuliangusha. Kisha kuna sharti ambalo Shangazi alilichukia kuliko kodi ya pango: katika pambano moja, mwako ni mmoja. Mkicheza watu wawili kwa timu, mna mazimwi manne, na mwako bado ni huo huo mmoja.

Aliyemtia Shangazi kwenye balaa hilo ni binti wa kaka yake. Shangazi alikuwa na duka la dobi, lenye mashine tatu za kufulia, meza mbili za kupigia pasi na kaunta iliyojaa nguo za watu zilizovikwa nailoni. Mwaka uliopita aliteleza kwenye maji ya sabuni ndani ya duka lake mwenyewe akavunjika mguu. Alipokuwa amelazwa kitandani anawagombeza hata nzi, binti yule akamletea mashine ya gemu ili apumue kidogo. Shangazi alicheza siku ya kwanza kwa kumridhisha mtoto. Siku ya pili aliomba asiletewe chakula mpaka amalize pambano. Mguu ulipopona, mashine ya gemu ilihamia dukani, juu ya rafu ya sabuni, na tangu hapo wateja walizoea kusubiri kidogo.

Binti huyo ndiye aliyekuwa akipiga pasi pale dukani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, mpole, mwenye mkono mwepesi kwenye kola na mzito kwenye kila kitu kingine. Shangazi alimwita Taratibu, na jina likamganda. Kwenye gemu, Taratibu alikuwa kinyume kabisa cha shangazi yake. Mwako aliutunza kama mtu anayetunza viatu vipya ndani ya boksi akingoja siku ya kuvivaa. Mara ngapi alishindwa huku mwako wake ukiwa haujaguswa! Shangazi alikuwa akipiga kelele, "Utazikwa nao?" naye hujibu, "Nilikuwa nasubiri wakati mzuri." Shangazi humwuliza, "Wakati mzuri ni upi, wa mazishi?"

Sasa watu wawili wa namna hiyo, mmoja mwenye papara na mwingine wa kujikokota, ndio waliojiandikisha timu moja kwenye mashindano ya Jumamosi.

Ukumbi wa gemu ulikuwa nyuma ya duka la vipuri, chumba kirefu chenye feni nne, mbili kati yake zikizunguka. Mwenye ukumbi, ambaye watu wote walimwita Meneja ingawa hakuwa na mtu wa kumsimamia, alikuwa ameazima maikrofoni, na kufikia saa tano asubuhi sauti yake ilishakauka. Viti vilijaa, ukutani watu wamesimama, dirishani wengine wamening'inia kwa nje. Washindi wangeenda kwenye mashindano makubwa ya timu bora zote, na ukumbi ule haukuwahi kupeleka timu ya wanawake hata siku moja.

Pambano la kwanza Shangazi aliwasha zamu ya kwanza, wakashinda. La pili akawasha zamu ya kwanza, wakashinda. Kichwa kikaanza kuvimba. "Unaona?" alimwambia Taratibu huku akijipepea kwa kipande cha boksi. "Watu wanaogopa moto. Hakuna cha ziada."

Nusu fainali walikutana na vijana wawili mafundi simu. Vijana hao walikuwa wamekaa nyuma siku nzima wakimtazama Shangazi akicheza. Meneja alipopiga filimbi tu, Shangazi akamwasha Ndimi, joka lake la moto. Ukumbi ukang'aa, watu wakapiga mayowe. Mafundi simu hawakushtuka. Walijifungia kwenye kinga zamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Moto wote ule ukaishia kulamba ngao. Zamu ya nne Ndimi akalala majivu, na vijana wakamshukia kama watu waliokuwa wakisubiri mlango ufunguliwe. Ndimi chini. Kwato, nyati wa Shangazi, akaingia kwa hasira bila mpango, naye chini. Shangazi akabaki ameshika kidude kisicho na kazi.

Taratibu alibaki peke yake dhidi ya wawili. Alikuwa na Magamba, kakakuona mkubwa mwenye ngozi ya mabamba, na nyuma yake Tone, chura mdogo wa maji ambaye wachezaji wengi humchukua kwa kukosa la kufanya. Alicheza kama anavyopiga pasi shati la hariri. Alikinga, akapiga kidogo, akakinga, akapiga kidogo. Jasho lilimtiririka mgongoni. Zimwi la mwisho la mafundi simu lilipoanguka, Magamba alikuwa na uhai mwembamba kama uzi, na Shangazi akaruka juu na kumkumbatia mtu asiyemjua.

Walipotoka kupumua kwenye korido, karibu na tangi la maji, Shangazi bado alikuwa anacheka. "Tumeshinda, mwanangu! Fainali!"

"Nimeshinda peke yangu, Shangazi," Taratibu alisema. "Wewe ulikuwa umekaa unashangilia."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Hajawahi kumjibu mkubwa namna ile, na masikio yakamwaka. "Samahani, Shangazi. Sikukusudia."

"Umekusudia." Shangazi aliacha kucheka. "Usirudi nyuma sasa. Malizia."

Taratibu akamalizia. "Wale wa fainali ni mabingwa wenyewe, Daktari na mumewe. Unajua wanavyocheza. Hawawashi mpaka wewe uwashe. Wanakaa kwenye kinga, moto wako unaisha, halafu wanawasha wa kwao. Wanaishi kwa kusubiri watu kama wewe. Mwako wa fainali naomba uniachie mimi."

"Wewe? Wewe utaukalia kama kuku mpaka yai lioze."

"Labda. Lakini nao watachoka kunisubiri."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena ikiwa chafu kuliko mwanzo. Alikuwa mtu wa kushindwa kwa shida. Duka lile alilianzisha kwa kukataa kila ushauri, na mara nyingi alikuwa sahihi. Hatimaye akapumua kwa nguvu. "Haya. Ni wako. Sitaugusa. Ila moyo huu ukisimama mle ndani, mwambie baba yako ni wewe uliyeniua."

Fainali iliitwa saa nane mchana. Mabingwa wa mwaka uliopita waliingia wameshikana mikono. Mke alikuwa daktari wa meno, mwanamke mwembamba mwenye sauti laini. Mume alikuwa mwalimu wa udereva, mzito, mtulivu, mtu aliyepitia ajali nyingi za wanafunzi bila kupandisha sauti. Walikuwa waungwana kiasi cha kukera. Walimwamkia Shangazi kwa heshima zote, wakamuuliza hali ya mguu, wakawatakia kila la heri, na walimaanisha.

"Shikamoo, Shangazi. Mwanzo utasikia ganzi kidogo tu," Daktari alisema akitabasamu.

"Marahaba, mwanangu. Na wewe ufungue mdomo vizuri," Shangazi akamjibu, ukumbi ukaangua kicheko.

Filimbi ikalia.

Daktari alianza na Kucha, ndege wa makucha marefu. Mumewe alianza na Fuko, mnyama wa ardhini anayeibuka miguuni mwa watu. Upande wa pili walikuwa Ndimi na Magamba. Zamu ya kwanza ikapita, na Ndimi hakuwaka. Ukumbi ukanong'ona. Mtu mmoja dirishani akauliza kwa sauti, "Bibi anaumwa?"

"Bibi ni mama yako!" Shangazi alijibu bila kugeuka.

Zamu ya pili, ya tatu, hakuna aliyewasha. Mwalimu wa udereva alimtupia mkewe jicho. Walikuja wamejiandaa kusubiri moto, na moto hauji. Kwa hiyo ikawa ngumi kavu. Ndimi alimtafuna Fuko, Fuko akafukua chini ya Magamba, Kucha akamparura Ndimi mara mbili mfululizo. Shangazi alikuwa anacheza kwa mwili mzima. Zimwi likiinama naye anainama, likipigwa naye anasema "uwii!" Mguu wake mmoja ulikuwa unagonga sakafu kama cherehani. Kidole gumba kilikuwa kinaelea juu ya kitufe cha mwako, kinashuka, kinapanda. Taratibu alikiona kwa pembe ya jicho.

"Shangazi."

"Sijagusa! Nimekiangalia tu!"

Fuko akaanguka, na shangwe ikatikisa bati. Mwalimu wa udereva akalitoa zimwi lake la pili, Mwamba, jitu la mawe lenye mabega kama milango ya ghala. Zamu iliyofuata Ndimi akaanguka, Kwato akaingia na kwa pigo lake la kwanza akamwangusha Kucha. Daktari akasema "Ooh" kwa upole, kama mtu aliyemwaga chai kidogo, akamleta Sindano, nyigu mwenye mwiba mrefu unaometa. Sasa mazimwi mawili kwa mawili uwanjani. Upande wa kina Taratibu kulikuwa na Tone bado nyuma, na mwako wa kila timu ulikuwa mzima.

"Washa Magamba," Shangazi alinong'ona. "Sasa hivi. Yuko imara."

Taratibu aliona kuwa ni kweli. Magamba akiwaka mabamba yake husimama kama visu, na hakuna kinachomkaribia. Lakini Mwamba alikuwa bado hajawaka. Yeye akiwasha sasa, wale wawili watajifungia kwenye kinga, na yale ya mafundi simu yatajirudia. "Zamu moja zaidi," alisema.

"Taratibu!"

"Moja tu."

Mwalimu wa udereva ndiye aliyechoka kwanza. Labda alizoea watu wanaoingia mbio na hakuwa amewahi kusubirishwa na mtu mwingine. Labda alimwona Magamba amesimama pale na akahofia kinachokuja. Alisema kitu kwa mkewe, mkewe akaitikia kwa kichwa, na Mwamba akawaka.

Skrini ilitetemeka. Nyufa za mawe zilijaa mwanga wa rangi ya kaa la moto, mabega yakapanda juu mpaka kichwa kikapotea mawinguni, na ngumi moja ikashuka. Magamba hakupata hata nafasi ya kujikunja. Uhai wake wote ulifutika kwa mkupuo mmoja.

Ukumbi mzima ukavuta pumzi.

Taratibu aliona kosa lake. Ameuzika mwako, kama kawaida. Zimwi alilolitunzia mwako tangu mwanzo wa pambano limelala chini bila kuwaka hata sekunde moja. Hakuthubutu kumtazama Shangazi. Alisubiri kelele, na kelele hazikuja. Kilichokuja ni mkono, mkono mkavu wa mtu aliyekaa na sabuni miaka mingi, ukamshika begani na kumkaza.

"Jikaze kisabuni," Shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Tuna nani?"

"Tone."

"Basi mlete Tone."

Chura akaingia uwanjani akirukaruka, mdogo kuliko kidole cha mguu cha Mwamba. Nyuma watu walicheka, si kwa ubaya, ila ilikuwa inachekesha kweli. Fundi viatu mmoja aliyekuwa amekaa mstari wa mbele akapiga mikono magotini na kusema, "Yule naye wa nini? Hana kazi yule!" Meneja kwenye maikrofoni akasema, "Mambo ni magumu upande wa madobi, ndugu zangu!"

Saa ya kuchagua ilianza kuhesabu kwenye kona ya skrini. "Mwashe Kwato wangu," Shangazi akasema haraka. "Pembe za chuma. Tutakufa tukiwa tumesimama."

 Kitu kilikuwa kimemjia Taratibu. Si kitu kipya; alikuwa amekijua siku nyingi na hakukipa nafasi. Tone akiwaka hapigi. Anavimba. Kila pigo analopigwa analimeza, na mwanzo wa zamu yake ya tatu, kabla mtu yeyote hajagusa kitu, anatapika yote kwa mara moja. Ndiyo maana hakuna anayemwasha. Nani anataka kukaa zamu mbili anapigwa tu? Tena akijaa kupita kiasi hupasuka. Waliwahi kumjaribu dukani siku ya mvua, akapasuka, na Shangazi akacheka mpaka miwani ikatumbukia kwenye beseni.

Lakini Mwamba alikuwa ameshatumia zamu moja ya mwako wake. Zilibaki mbili. Tone akiwaka sasa, zamu ile Tone anafungua mdomo, Mwamba atakuwa majivu.

 Safari hii hakusema zamu moja zaidi. Alibonyeza.

Chura mdogo akang'aa rangi ya maji ya kisimani. Tumbo lake likaanza kupanda kama unga uliotiwa hamira, macho yakasogea pembeni, miguu ikaachana na ardhi, na katikati ya uwanja likakaa dubwana la duara, laini, linalopenyeza mwanga, lenye tabasamu la kipumbavu. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko na mayowe kwa pamoja.

"Umemwasha chura?" Shangazi alishika kichwa. "Mama yangu mzazi, amemwasha chura!"

"Shangazi, nisikilize. Unajua kitufe cha kinga?"

"Nakijua kwa kukisikia."

"Zamu ijayo nitakihitaji."

Mwamba akapiga. Ngumi ilizama ndani ya tumbo la Tone mpaka kwenye kiwiko, ikarudi polepole, na tumbo likawa kubwa mara mbili. Ndani yake maji yalianza kuzunguka. Sindano akamchoma Kwato ubavuni. Kwato akarusha pembe zake hewani, akakosa.

Kule upande wa pili Daktari alikuwa ameacha kutabasamu. "Mume wangu," alisema, "nadhani hatutakiwi kumpiga yule."

"Au tumpige zaidi," mumewe alijibu kwa utulivu wake ule ule, ila sauti ilikuwa imepanda ngazi moja. "Ameshajaa. Tukimpiga wote wawili anapasuka."

Taratibu aliwasikia, na alijua wamepatia. "Shangazi, kinga. Msimamishe Kwato mbele ya Tone. Pigo la Mwamba alipokee yeye."

"Atakufa!"

"Ndiyo."

Shangazi alimtazama nyati wake. Alikuwa amemlea tangu akiwa ndama, wakati mguu ungali kwenye plasta. Alimfundisha kila pigo na kuwapigia hata wateja hadithi zake. Katika mapambano yote hajawahi kumrudisha nyuma hata hatua moja. Saa ya kwenye kona ilikuwa inakimbia.

"Kitufe chenyewe kiko wapi?" alifoka.

"Cha kushoto! Cha chini! Hicho hicho!"

Akakibonyeza kwa nguvu kana kwamba anaua mende.

Kwato akageuka. Watu walikuwa hawajawahi kuona nyati yule akigeuka. Akatembea mpaka mbele ya lile puto kubwa la maji, akainamisha kichwa, akazikita kwato zake ardhini. Ngumi ya Mwamba ikashuka na mwanga wake wote wa mwisho. Kwato aliipokea na pembe. Alisimama hivyo kitambo, watu wakaanza kupiga kelele "Simama! Simama!" kisha magoti yakakunjika, akaanguka kando. Shangazi akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Sindano akapita juu ya mwili wake na kumchoma Tone. Tumbo likavimba. Likavimba tena. Ngozi ikawa nyembamba kama nailoni ya duka la dobi, ikang'aa, ikatetemeka, na kila aliyekuwa ukumbini akaacha kupumua akisubiri ule mlio wa kupasuka.

Haikupasuka.

Na mwanga ukaanza kufifia kwenye nyufa za Mwamba. Moja baada ya nyingine zilizimika, mabega yakashuka, kichwa kikainama kifuani. Majivu. Mwalimu wa udereva akatazama skrini, akamtazama Taratibu, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyekanyaga breki na kuhisi hazipo.

"Aisee," alisema.

Tone akafungua mdomo.

Kilichotoka hakikuwa pigo, kilikuwa mto. Kilijaza skrini kutoka kona hadi kona, kikambeba Sindano kama kipande cha karatasi, kikampiga Mwamba kifuani na kuendelea kumpiga. Spika za Meneja zilinguruma mpaka moja ikakwaruza na kunyamaza. Kila kitu kikawa cheupe. Kwa muda hakuna aliyejua nini kimetokea, na Taratibu alisikia mtu anapiga kelele "Toka! Toka! Toka!" na akagundua ni yeye mwenyewe, amesimama juu ya kiti.

Weupe ukafifia. Mwamba alikuwa bado amesimama.

Shangazi akatoa mlio mdogo kama birika linaloanza kuchemka. Na hapo begani mwa Mwamba jiwe moja likachomoka, likabingirika. Likafuata la pili. Kisha jitu lote, kuanzia juu hadi chini, likamwagika kama kifusi, na katikati ya uwanja uliolowa akabaki chura mmoja mdogo, amekaa majivu, anasinzia.

Sasa kilichofuata ukumbini pale kila mtu anakisimulia kwa namna yake. Inajulikana kwamba Meneja alirusha maikrofoni na hakuidaka. Inajulikana kwamba watu wa dirishani waliingia ndani kupitia dirisha hilo hilo. Shangazi alimbeba Taratibu, mwanamke mzima, akazunguka naye mara moja na kukumbuka mguu, akamshusha. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, miwani imepanda kwenye paji la uso. "Nimekinga!" alimwambia kila aliyepita. "Umeniona? Nimekinga mimi!"

Daktari alikuja kwanza. Alimkumbatia Taratibu kwa dhati. "Hiyo nimeisikia," alimnong'oneza, "bila ganzi." Mumewe akamshika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia. "Mwaka mzima hakuna aliyenifanya niwashe wa kwanza," alisema. "Nilijua nakosea, na bado nikawasha. Ulinisubirisha mpaka nikaumwa."

"Na mimi niliumwa," Taratibu akasema. "Magamba nimempoteza kwa ajili hiyo."

"Umempoteza, kweli. Ningekuwa wewe ningemwasha mapema." Alicheka. "Na ningeshindwa, nadhani. Sijui. Nitaiota usiku kucha."

Meneja alipata maikrofoni nyingine, akamsukuma Taratibu mbele aseme neno. Taratibu alikuwa mtu wa kuongea na kola za mashati. Aliutazama ule umati wa watu, akafungua mdomo, akasema, "Tumeshinda," na sauti ikakatikia hapo. Alijaribu tena, haikutoka. Watu walipiga makofi kana kwamba ametoa hotuba. Shangazi akaipokea maikrofoni na hakuirudisha kwa muda mrefu, mpaka Meneja akazima umeme wake kwa adabu. Basi akachukua simu na kwenda kwenye korido kumpigia kaka yake, na ingawa mlango ulifungwa, ukumbi mzima ulisikia kaka mtu akiambiwa kwamba ana binti, je anajua kwamba ana binti, na anajua binti wa aina gani.

Taratibu alikaa. Mtu alimpa maji ya baridi, akayanywa yote. Alikuwa na furaha ya ajabu, furaha inayowasha magotini, inayomfanya mtu atake kukimbia bila kufukuzwa.

Mbele yake akasimama fundi viatu, kofia mkononi. Nyuma yake walikuwa mafundi simu wawili, na nyuma yao watu wengine wengi waliojifanya wanapita tu.

"Dada," fundi viatu alisema, akikohoa kidogo. "Yule chura. Ninaye nyumbani, sijawahi hata kumwangalia. Unamwashaje ili asipasuke?"

Taratibu alitazama skrini. Ilikuwa bado inawaka, na kidude kilikuwa bado na joto la kiganja chake. Dukani kulikuwa na kapu zima la mashuka yanayosubiri pasi. Akavuta kiti cha pembeni na kukipigapiga.

"Kaa hapa," alisema. "Wewe nipige kwa nguvu zako zote. Nikuonyeshe."

Wakabanana kumzunguka, mmoja akaegemea bega la mwenzake, Daktari na mumewe nao wakasogeza viti vyao, na fundi viatu akakunja mikono ya shati na kuanza kupiga.